Skrini za mtumba: bei haijakamilika bila adapta

Wiki hii tunaziacha kando bei za nafaka na hisa na kuangalia bidhaa ambayo wafanyabiashara wadogo huichukua kwa mkupuo: skrini za kompyuta zilizotumika. Bei yake huvutia. Lakini skrini isiyokubaliana na kompyuta ya mteja hulala dukani, na mtaji hulala nayo.

Kinachoamua ni tundu la nyuma. VGA, yenye pini 15, ilianzishwa na IBM mwaka 1987 na hupitisha picha kwa analogi. HDMI ya mwaka 2002 na DisplayPort ya mwaka 2006 hupitisha dijitali. Desemba 2010 makampuni ya Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG yalitangaza kuachana na VGA hatua kwa hatua, na Intel na AMD zikataja mwaka 2015. Ndiyo maana kompyuta mpya nyingi hazina tena tundu hilo, wakati skrini nyingi za zamani hazina jingine.

Hapa adapta inaingia kwenye hesabu. Tuseme umenunua skrini 20 za VGA kwa sh. 60,000 kila moja, ukitegemea kuuza sh. 80,000. Faida ni sh. 400,000. Wateja wakidai uwape na adapta ya sh. 15,000, faida inashuka hadi sh. 100,000, na usafiri bado hujautoa.

Usikimbilie waya wa bei ya chini. Kutoka HDMI kwenda VGA lazima pawe na saketi ya kubadili dijitali kuwa analogi. Waya mtupu hautoi picha. Muuzaji atakuambia "itaingia tu", na kweli itaingia, lakini kuingia na kuonyesha picha ni mambo mawili.

DVI ndiyo inayowachanganya wengi, maana sura zake zinafanana. Tazama tundu la kompyuta: ukiona vitundu vinne vikiuzunguka ule mwanya bapa, ni DVI-I, hubeba analogi pia, na adapta ndogo ya VGA inatosha. Visipokuwepo ni DVI-D, dijitali tupu.

Adapta nayo ina upande. Ile nyepesi ya kutoka kompyuta ya DisplayPort kwenda skrini ya HDMI hufanya kazi mradi tundu la kompyuta liwe la aina ya DP++. Kompyuta ikiwa na HDMI na skrini ikiwa na DisplayPort pekee, adapta hiyo haifai hata ukiigeuza. Hapo hutakiwa kibadilishaji chenye saketi, mara nyingi kikihitaji na umeme wa pembeni, na bei yake ni nyingine.

Kwa wenye kompyuta za mkononi: si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu.

Kabla ya kulipa, nenda na kompyuta ya aina wanayotumia wateja wako, skrini iwashwe ukiona, na aina ya matundu iandikwe kwenye risiti.