Moto Unaotoka Katika Kubanwa
Somo: 2 Timotheo 1:6, Matendo 16:22-25

Wazee wetu walipekecha vijiti kupata moto. Kule Malaysia, Indonesia na Ufilipino, watu wa zamani walikuwa na njia nyingine: pistoni ya moto. Ni kibomba kifupi cha mwanzi, mbao au pembe, kimezibwa upande mmoja. Ndani huingia kijiti kilichozungushiwa uzi na kupakwa mafuta ili hewa isipenye. Kwenye ncha ya kijiti kuna kishimo, na hapo unaweka nyuzi kavu, laini kama pamba. Unakipiga kwa kiganja, pap! na kukichomoa mara moja. Nyuzi zimeshika kaa.

Hakuna kiberiti. Ni hewa tu iliyobanwa ghafla ikapata joto kali. Si umewahi kujaza baiskeli upepo ukashika pampu, ukaona inavyochemka? Ndio hiyo. Hata injini ya dizeli haina plagi; mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa.

Sasa, nimesikia ikisemwa ati kila kubanwa ni Mungu anatuwasha. Mimi sikubali. Ukibana hewa bila kuweka kitu kikavu ndani, inapata joto kisha inapoa, basi. Neno liwe ndani kabla shida haijapiga. Na mama anayepigwa nyumbani tusimwambie avumilie ati anawashwa. Huyo atolewe hapo kwanza, apate mahali salama, ndiyo tuombe naye.

Tena kaa lenyewe ni dogo sana. Likibaki ndani ya bomba linakosa hewa na kuzima. Lazima liwekwe kwenye nyasi kavu, lipulizwe polepole. Paulo alimwandikia Timotheo aichochee karama yake. Moto ulikuwepo, lakini ulihitaji kupulizwa. Kwetu mtu amezika mtoto, anakuja ibada, anakaa kiti cha nyuma, anaenda bila kusalimiwa. Wiki ya tatu hayupo, na sisi tunasema amerudi nyuma.

Kwa ushirika wa Jumatano: Paulo na Sila walifungwa miguu, na usiku wa manane wakaimba. Walikuwa wameweka nini ndani kabla ya jela? Halafu kila mmoja ataje mtu ambaye hajaonekana mwezi huu, na mkubaliane nani atamtembelea kabla ya Jumapili.