Darsa ya Ramadhani, Siku ya 12: Kinyongo na Mtu wa Karibu



Mtu wa mbali akikuudhi, kesho umeshamsahau. Kinyongo kinakaa kwa wa karibu: mpangaji mwenzio hapo Tandika mnayechangia luku, au ndugu wa tumbo moja mliyegombea nyumba ya urithi Mbagala.

Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa akimhudumia jamaa yake maskini, Mistah bin Uthatha. Mistah akaungana na waliomsingizia Bi Aisha, binti wa Abubakar. Hebu fikiria, unamlisha mtu, naye anamchafua mwanao! Abubakar akaapa hatompa tena kitu. Ndipo ikashuka aya ya 22 ya Suratun Nuur: wenye uwezo wasiape kuwanyima jamaa zao, wasamehe, kwani wao hawapendi Allah awasamehe? Abubakar akakiri kuwa anapenda, akamrudishia Mistah matumizi yake.

Angalia hapo. Hakuambiwa kwamba hakuumia, wala kosa halikuitwa dogo. Uzushi ule ulikemewa vikali. Alichotakiwa ni kusamehe na asifunge mkono. Moyo unaweza kuchelewa kupoa, mkono usiusubiri.

Kama ana haki yako, idai kwa wazee au mahakamani, si dhambi. Ila salamu usimkatie. Leo kabla ya magharibi, mpelekee sahani ya futari. Asipopokea, wewe umeshatimiza lako.

Ee Allah, tusafishie vifua vyetu, utukubalie funga zetu. Aamin.