Kompyuta, Joistiki au Miwani ya VR: Tuanze na Kipi Kwenye Simuleta ya Ndege?

Wanachuo wenzangu, wiki ijayo kikundi chetu cha simuleta ya ndege kinakaa kikao cha mwisho kuhusu pesa. Tuko watu 14, kila mmoja katoa shilingi 200,000 kutoka kwenye boom lake, jumla 2,800,000. Kwa mwanachuo aliyepanga chumba hapa Singida mjini na anayejipikia mwenyewe, laki mbili ni chakula cha wiki nyingi. Hela hii ikienda vibaya hairudi semista hii wala ijayo. Upande mmoja unataka tununue miwani ya VR kwanza, mengine yatafuata. Upande wa pili, nami nimo, unasema miwani ije mwisho. Naandika hoja zangu hapa ili kila mwenye kura azisome kwa utulivu, na hata asiye mwanachama apate somo la kuchagua mashine.

1. Anza na swali, si na duka

Kabla ya kuuliza bei, jiulize unataka simuleta ikufundishe nini. Kuna anayetaka mandhari tu, aione Zanzibar kutoka juu. Kuna anayetaka kuelewa urubani wenyewe. Wengi kwenye kikundi chetu wako kundi la pili, na mmoja wetu, mdogo wetu wa mwaka wa kwanza kutoka Mkalama, anataka kabisa kwenda kusomea urubani. Aliniuliza kama saa atakazorusha kwenye kompyuta zitahesabiwa kwenye leseni. Jibu ni hapana. Kwa viwango vya ICAO, leseni ya rubani binafsi inadai angalau saa 40 za kuruka, au 35 kama kozi imeidhinishwa, na simuleta inayoweza kuchangia saa ni ile iliyokaguliwa na mamlaka. Kwetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kompyuta ya ghetto haimo.

Ila faida ipo. Chukua mfano wa nyumbani. Singida iko kama futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho joto la kawaida la hesabu za anga ni nyuzi 5. Mchana likifika nyuzi 27, tofauti ni nyuzi 22. Kanuni ya haraka ya marubani inasema ongeza futi 120 kwa kila nyuzi ya ziada: 22 mara 120 ni 2,640. Maana yake Cessna 172 inayotoka Singida mchana huo inahisi kama iko kwenye futi 7,640. Hewa ni nyepesi, injini inavuta kidogo, mbawa zinahitaji kasi zaidi, na ndege inakula barabara ndefu kabla ya kunyanyuka. Jaribu kwenye simuleta: ruka kutoka Dar es Salaam, kisha weka uzito uleule ujaribu Singida saa nane mchana. Utaielewa fizikia ya kidato cha tano upya. Na somo hilo halidai miwani, linadai kompyuta isiyokwama na usukani unaotii mkono.

2. Programu inaamua mashine

Zipo tatu za kuzijua. FlightGear ni ya bure kabisa, imekuwepo tangu miaka ya 1990, na inaendeshwa hata na mashine za kawaida. Mandhari yake imegawanywa kwa vipande vya nyuzi 10 za latitudo kwa 10 za longitudo, na kwa bahati nzuri kipande kimoja kinabeba Singida, Dodoma, Mwanza, Kilimanjaro, Dar es Salaam na hata Nairobi. X-Plane 12 ni ya kulipia lakini ina toleo la majaribio la bure, nayo inasifika kwa jinsi inavyokokotoa nguvu za hewa kwenye mbawa.

Ya tatu ndiyo inayotajwa sana vijiweni: Microsoft Flight Simulator. Toleo la 2020 linataka RAM ya GB 8 kwa uchache, 16 kwa mapendekezo, na nafasi ya GB 150. Toleo la 2024 limepunguza nafasi ya diski hadi GB 50 lakini limepandisha RAM: 16 kwa uchache, 32 kwa mapendekezo, 64 kwa hali bora. Nafasi imepungua kwa sababu ardhi kubwa inashushwa kutoka intaneti wakati unaruka, na kasi ya chini inayotakiwa ni Mbps 10. Piga hesabu: Mbps 10 zikitumika zote kwa saa nzima ni megabaiti 4,500, yaani GB 4.5. Sasa angalia bando lako la wiki halafu uniambie.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza: tuanze na FlightGear na jaribio la X-Plane. Toleo la 2020 litakuja tukipata mahali pa kulishusha mara moja kwa intaneti isiyo ya bando.

3. Hesabu ya fremu, ambayo muuzaji hatakuambia

Picha inayotembea ni picha nyingi zilizosimama, zinaitwa fremu. Kompyuta ikitoa fremu 30 kwa sekunde, ina milisekunde 33 za kutengeneza kila moja. Kwa simuleta kwenye monita, 30 zilizotulia zinatosha kabisa kujifunzia, maana ndege haigeuki ghafla kama mchezo wa kupigana. Fremu 60 zinataka milisekunde 16.7 kila moja. Miwani ya VR inayoonyesha mara 72 kwa sekunde inataka milisekunde 13.9. Zipo mbinu za kubuni fremu za kati ili mashine itengeneze 36 tu, lakini picha huanza kutetema ukingoni.

Ongeza idadi ya pikseli. Monita ya kawaida ni 1920 kwa 1080, kama pikseli milioni 2.07. Meta Quest 3 ina 2064 kwa 2208 kwa kila jicho; macho mawili ni milioni 9.1. Hiyo ni mara nne na zaidi ya monita. Yaani unaiambia kompyuta ifanye kazi mara nne, ndani ya muda usiofika nusu ya ule wa fremu 30. Ndiyo maana mashine inayotamba kwenye kioo cha inchi 22 inaanza kuhema ukiivalisha miwani. Na kwenye VR, kukwama hakuishii kwenye kuudhi. Kichwa kikigeuka na picha ikachelewa, tumbo linachafuka.

4. Nani anachelewesha kazi?

Kazi ya fremu inagawanywa kwa wawili. Prosesa inakokotoa hewa, mifumo ya ndege na trafiki. Kadi ya grafiki inachora. Anayechelewa ndiye anayeamua kasi. Kipimo chake hakina gharama: ruka mahali pamoja, hesabu fremu, kisha shusha ubora wa picha hadi nusu. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa inalemewa. Zikibaki palepale, tatizo ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia kitu. Nimeona watu wakibishana kutwa nzima juu ya kadi gani ni kali bila kufanya jaribio hili la dakika tano.

Simuleta za ndege zinaegemea sana nguvu ya kiini kimoja cha prosesa, kwa kuwa sehemu kubwa ya hesabu inapita kwenye mstari mmoja. Viini 16 dhaifu vitashindwa na sita vyenye kasi. Pia zinapenda kumbukumbu ya ndani ya prosesa iwe kubwa. Ndiyo sababu AMD Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 na 7800X3D ya 2023, zenye megabaiti 96 za kumbukumbu hiyo, zimependwa mno na wana simuleta duniani. Sisi hatuzifikii, ila kanuni inabaki ileile.

Tunachofikia ni kompyuta za ofisi za mtumba kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Tafuta yenye Intel Core i5 ya kizazi cha nane kwenda juu. Microsoft wenyewe waliitaja i5-8400 kwenye mapendekezo ya toleo la 2020, kwa hiyo siyo takataka. Weka RAM ya GB 16 kwa vijiti viwili vya 8, siyo kimoja cha 16, kwani viwili hufungua njia mbili za data. SSD ni lazima.

Tahadhari ipo kwenye kadi. Mashine nyingi za ofisi zina pawa saplai ndogo, za umbo lake pekee, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Hapo unahitaji kadi inayokula umeme wa kwenye madabodi tu, usiozidi wati 75. GTX 1650 ya aina isiyo na tundu la waya inafaa. Kama kasha ni lile jembamba, kadi nayo iwe fupi kwa kimo, la sivyo mfuniko haufungi. Pima kwa rula kabla ya kulipa, na mwambie fundi aiwashe mbele yako iendeshe mchezo nusu saa. Dakika mbili za kuwaka hazionyeshi kadi inayochemka.

Kadi hii ina GB 4 tu. Kwa monita inatosha. Kwa VR ya simuleta haitoshi, na hapo ndipo hoja ya miwani kwanza inapokwama: hela ikiishia kwenye miwani, hatuna mashine ya kuiendesha.

5. Mkono kwanza

Kipande kinachobadilisha mafunzo kwa gharama ndogo ni joistiki. Kurusha ndege kwa kibodi ni sawa na kuendesha bodaboda kwa swichi ya taa. Ni kuwaka au kuzima, hakuna katikati. Logitech Extreme 3D Pro ina mhimili wa kuzungusha mkono, kwa hiyo unapata usukani wa mkia bila kununua pedali. Ukiangalia joistiki ya mtumba, uliza kihisio chake. Vya kusuguana huchakaa na huchukia vumbi, na Singida upepo na vumbi tunavijua. Vya sumaku havigusani, hudumu zaidi. Jaribio: iachie katikati, tazama kwenye kompyuta kama alama inatetema yenyewe.

Kuhusu kutazama pembeni, ipo programu ya bure iitwayo opentrack. Inafuata kichwa chako kwa kamera ya kawaida ya kompyuta na kugeuza mtazamo ndani ya ndege. Haikupi kina kama VR, lakini ukiwa unatoka Dodoma kuja Singida, maili za anga kama 100, unaweza kugeuka ukaona tambarare ya Bahi kushoto, na ukikaribia ukautafuta Hanang kulia na maji ya Singidani na Kindai mbele.

6. Miwani ikija, iwe kwa macho wazi

Siipingi VR. Kukadiria kimo wakati wa kutua ni rahisi zaidi ukiona kwa macho mawili. Siku tukifika, tuzingatie haya. Kwanza, tusidanganywe na bei ya HP Reverb G2 iliyotumika. Picha yake ni nzuri, lakini ilitegemea Windows Mixed Reality, na Microsoft imeuondoa mfumo huo kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11. Pili, Quest 2 ina nafasi tatu tu za umbali wa macho: milimita 58, 63 na 68. Tuko 14 wenye nyuso tofauti, na Quest 3 ina gurudumu la kurekebisha kidogo kidogo. Tatu, Quest huunganishwa kwa waya wa USB au Wi-Fi, na picha lazima ibanwe kwanza na kadi ya grafiki. Huo ni mzigo juu ya mzigo. Nne, mikanda ijaribiwe na wenye hijabu, wenye rasta na wenye miwani ya macho kabla hatujalipa. Tano, isiachwe dirishani hata dakika chache: lenzi zake hukusanya jua na kuunguza vioo vya ndani.

7. Umeme

Kompyuta na monita zinazokula wati 300 kwa saa tatu ni uniti 0.9 ya Luku. Tukubaliane mapema nani ananunua. UPS nayo ni lazima, siyo pambo. Ile ya VA 650 mara nyingi hubeba kama wati 360, ikatupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Umeme ukirudi kwa kishindo, SSD na madabodi ndivyo vinavyoumia.

Mgawanyo ninaoomba mpigie kura ni huu: karibu nusu ya fedha iende kwenye kompyuta ya mtumba yenye SSD na RAM ya GB 16, robo kwenye kadi ya grafiki na monita, inayobaki igawanywe kati ya joistiki, UPS na akiba ya matengenezo. Tujiwekee saa za zamu, kila mmoja apate zamu yake kila wiki, na mdogo wetu wa Mkalama apewe nafasi ya kwanza kabla hajatuma maombi yake. Mwenye hesabu tofauti aje nayo kikaoni ikiwa imeandikwa, tuzipange mezani tulinganishe.