Ukiumwa na mbwa, anza na sabuni

Mtu akiumwa na mbwa hapa Nyeri au kule Karatina, watu huuliza kwanza ni mbwa wa nani. Swali hilo lingoje. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Virusi vya kichaa cha mbwa huwa katika mate, na sabuni huviua kabla havijaingia katika mishipa ya fahamu. Pilipili na mafuta ya taa viache jikoni.

Nenda hospitali siku iyo hiyo, hata ikiwa ni mkwaruzo tu, na umalize sindano zote hata kidonda kikipona. Ugonjwa huu huweza kujificha kwa miezi, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Sasa, mbwa. Asiuawe ovyo. Afungwe, na afisa wa mifugo aarifiwe. Akiwa angali mzima baada ya siku 10, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma. Hapo ndipo daktari wa watu anapomhitaji daktari wa mifugo. Mkakati wa Kenya wa kumaliza kichaa cha mbwa, ulioanza 2014 na kulenga 2030, unategemea hasa chanjo ya mbwa wenyewe: asilimia 70 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia.

Mbwa wako je? Utasema yeye hufungwa mchana kutwa. Na usiku humfungulii?