Usiku wa Mafua ya Kwanza



Wiki hii nimekaa na ujumbe wa mama mmoja kijana. Mtoto wake ana miezi mitatu, kipupwe kimeingia, na mafua yamempata kwa mara ya kwanza. Anasema: "Dada, anashika ziwa, ananyonya mara mbili tatu, anaachia, analia. Ndivyo tunavyokesha. Huyu ananiambia asali na limau, yule mafuta ya kuchua, jirani anasema nikamkatishe kimeo. Nishike lipi?"

Pole, mdogo wangu. Kilio hicho nakijua. Mwanangu wa kwanza alipata mafua akiwa na umri huohuo, mwezi wa Julai, tukiwa Tanga. Kila akiachia ziwa nilijua maziwa yangu yamekauka, na mimi nikalia naye. Saa nane za usiku shangazi akaingia chumbani, akamtazama mtoto kwa muda, kisha akaniambia: "Maziwa unayo, mwanangu. Huyu hana pa kupitishia pumzi."

Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua. Anaponyonya, mdomo umejaa ziwa, hivyo pua ikiziba inambidi ama anyonye ama apumue. Akiachia na kulia hajakukataa wala hajakinai. Anatafuta hewa. Ukilijua hilo, utaona kwamba kumtuliza mtoto mwenye mafua ni kazi tatu: kumfungulia pua, kumnyonyesha, na kumhesabia pumzi.

Tuanze na pua. Nenda duka la dawa uombe matone ya maji ya chumvi ya puani ya watoto wachanga. Uliza vizuri, maana yako matone mengine ya kuzibua pua yenye dawa ndani, na hayo hayamfai mtoto wa umri huu. Robo saa hivi kabla ya kunyonyesha, mlaze chali, weka matone mawili kila tundu, msubiri dakika moja au mbili kamasi lilainike, kisha lifute kwa kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu. Kama una kile kipira cha kunyonyea kamasi, kiminye kwanza kikiwa nje, kiingize kidogo tu mdomoni mwa tundu, halafu kiachie taratibu. Mara tatu au nne kwa siku zinatosha; ukizidisha, pua inavimba ndani na kuziba zaidi. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni kila ukimaliza. Usiingize kijiti cha pamba puani, na tusimfyonze kamasi kwa mdomo kama tulivyozoea kuona, kwa kuwa vijidudu vya mdomoni mwetu vinahamia kwake.

Pua ikifunguka, mpe ziwa palepale. Atanyonya kidogo kidogo, basi mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mwinue kichwa kiwe juu kuliko tumbo. Kama na wewe una mafua, usiache kunyonyesha. Maziwa yako yanampelekea kinga ambayo mwili wako umeshaitengeneza dhidi ya ugonjwa huohuo. Nawa mikono kwa sabuni, funika pua na mdomo wako, endelea. Na hesabu nepi. Mtoto anayelowesha sita au zaidi kwa siku anapata maziwa ya kutosha. Zikipungua hadi nusu ya kawaida yake, mpeleke akaonwe.

Katikati ya kunyonya na kunyonya, mbebe. Mlaze kifuani mwako akiwa wima, ngozi kwa ngozi, jifunikeni kanga moja, mwimbie chochote kinachokujia. Akiwa wima kamasi hushuka na pumzi hupita. Baba yake naye ana kifua, basi mpe zamu ili nawe ulale kwa saa mbili. Akisinzia, mlaze chali pasipo mto, hata kama pua imeziba. Usimrundikie sweta tatu na blanketi zito. Mafua yanaletwa na virusi, na joto la kupita kiasi linamtesa tu. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe, maana hewa yake inaua watu waliolala. Na kwa wadogo zangu wa pwani, chetezo cha udi na ubani kipumzike mpaka mtoto apone. Moshi wowote, wa sigara au wa kuni, unazidi kuwasha pua iliyovimba.

Sasa twende kwenye yale unayoshauriwa. Asali hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kulamba kwenye kidole. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu tumboni mwake na kulegeza misuli yake, pamoja na ile ya kupumulia. Limau, chai ya tangawizi na maji ya moto navyo vingoje. Mpaka miezi sita chakula chake na maji yake ni maziwa ya mama. Mafuta ya kuchua yenye kafuri na mentholi si ya mtoto aliye chini ya miaka miwili. Kafuri ikiingia mwilini inaweza kumletea degedege. Kumfukiza juu ya sufuria ya maji yanayochemka kumewaunguza watoto wengi. Aspirini asipewe. Hata parasetamoli, katika umri huu, isubiri mhudumu wa afya ampime uzito na kukuambia kipimo.

Dawa za maji za kikohozi na mafua uziache dukani. Haziharakishi kupona, na kwa mtoto mchanga zina madhara. Mwezi wa Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za aina hiyo zilizokutwa na sumu huko Gambia, ambako watoto zaidi ya 60 walifariki kwa figo kuharibika. Antibayotiki nazo hupigana na bakteria, na virusi vya mafua havizisikii. Usimpe zilizobaki kabatini tangu dada yake alipougua.

Na kimeo, mdogo wangu, nakuomba usimpeleke. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kila mtu anacho, na hakileti kikohozi. Wanaokikata kwa wembe au kisu huacha mtoto akivuja damu na kidonda kikiingiwa na vijidudu. Mtoto aliyekuwa na mafua ya kuisha yenyewe anarudi nyumbani na hatari ya kifo.

Najua pia kwamba anayekuambia hayo mara nyingi ni mama mkwe au bibi, na huwezi kumkatalia kama unavyomkatalia rika lako. Usibishane. Mwamkie, kaa naye, mwambie: "Mama, nashukuru kwa kunihurumia. Kliniki wamenikataza asali mpaka atimize mwaka, naogopa kuvunja agizo. Lakini naomba unisaidie kumbeba nikachemshe maji." Mpe kazi ya kumbeba mjukuu. Mzee alitaka kusaidia, na mikono yake yenye uzoefu ndiyo dawa unayoihitaji kwake. Wageni wengine waombe wanawe mikono, na anayepiga chafya aje wiki ijayo. Busu la shavuni lisubiri.

Mafua ya kawaida huwa makali siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na ndani ya siku kumi hivi huisha, ingawa kikohozi kinaweza kusuasua mpaka wiki mbili. Mzigo mkubwa wa mama ni kujua kama haya bado ni mafua, au yameshakuwa nimonia. Hapo ndipo shangazi aliponifundisha kazi ya tatu, ninayotaka kila mama aijue.

Mtoto akiwa ametulia au amelala, inua nguo yake, tazama tumbo linavyopanda na kushuka. Kila kupanda ni pumzi moja. Washa saa ya simu, hesabu dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa kuwa pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa miezi miwili mpaka mwaka, ni 50 au zaidi. Rudia mara moja kuhakikisha; zikiwa bado nyingi hivyo, ondoka uende kituo cha afya.

Ondoka pia, hata kama ni usiku, ukiona kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu kila akivuta pumzi, anaguna kila akitoa pumzi, midomo au ulimi unageuka bluu, hawezi kunyonya kabisa, anatapika kila anachonyonya, amelegea haamki, au amepata degedege. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika nyuzi 37.5 kwapani, au akiwa wa baridi chini ya 35.5, naye apelekwe bila kungoja asubuhi. Na mkubwa kidogo kama wako akipata homa, usiihesabu kuwa ya mafua. Akapimwe, kwani malaria inaweza kujificha nyuma ya mafua. Chukua na kadi ya kliniki. Nchini Tanzania chanjo ya kukinga nimonia hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo ukigundua kuna iliyorukwa, waulize hapohapo ataipata lini.

Usiku ule wa Tanga tulihesabu pamoja, shangazi kwa vidole, mimi kwa saa. Zilikuwa 42. Tukamsafisha pua, nikampa ziwa, akanyonya mpaka akalala nalo mdomoni. Mafua hayakuisha siku hiyo, lakini mimi niliacha kulia, kwa sababu nilijua ninachokitazama.

Nanyi ambao watoto wenu ni wazima usiku huu, msingoje mafua. Akilala, inua kile kifulana, uhesabu dakika moja, uikariri namba yake ya siku njema. Siku pua itakapoziba, utakuwa na cha kulinganishia.

Ni mimi dada yenu.