Mwacheni Shemeji, Tuiulize Chumvi

Haya wadogo zangu, sogezeni viti. Meseji mnazonitumia siku hizi zinafanana: "Dada, mume wangu ananipandisha presha." Mwingine ni wifi, mwingine bosi, mwingine marejesho ya vikoba. Nawaelewa. Ukikasirika presha hupanda kweli, lakini hasira zikipoa nayo hushuka. Ile inayokaa juu usiku na mchana, mwaka nenda mwaka rudi, na kuuchosha moyo, mara nyingi ina wahusika wengine: umri, ukoo, unene, pombe, kukaa kitako kutwa, na chumvi. Shemeji anashtakiwa kila siku. Chumvi haijawahi kuitwa kwenye kikao hata mara moja.

Twende jikoni basi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe hata gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, kwa kila kitu utakachokula. Hesabu nami. Asubuhi supu, nawe umeiongezea chumvi kabla ya kuonja. Mchana maharage yaliyolainishwa kwa magadi. Magadi nayo yana sodiamu, ileile ya kwenye chumvi, inayozuia maji mwilini mpaka damu inasukuma mishipa kwa nguvu. Saa kumi embe bichi la chumvi na pilipili pale kituoni (hapo najua mmeninunia). Usiku mchuzi umetiwa chumvi, ukatiwa na kiungo cha pakiti, pembeni kuna ng'onda. Kijiko chako kilikwisha zamani.

Sisemi mle chakula kisicho na ladha. Kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Mchuzi ukiutia kiungo cha pakiti, chumvi uisahau. Ng'onda mloweke, umwage yale maji. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na giligilani vinafanya kazi kubwa kuliko tunavyovipa sifa. Na punguza kimyakimya, kidogo kidogo, ulimi utazoea ndani ya wiki chache. Ukitangaza tu kwamba umepunguza, nyumba nzima itaona chakula kimepooza hata siku ambayo hujapunguza.

Kuhusu mazoezi, lengo ni angalau dakika 150 kwa wiki, tuseme nusu saa kwa siku tano. Kufua kwa mikono na kuchota maji ni mazoezi, nakubali. Kukaa dukani mpaka usiku si mazoezi, hata urudi umechoka vipi. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya chako, utembee kwa mwendo ambao unaweza kuongea na shoga yako lakini kuimba huwezi. Sigara acheni: ukimaliza mwaka bila kuvuta, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inashuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Na shisha pia ni moshi wa tumbaku, msinidanganye kwa harufu ya tufaha.

Mtaniuliza, "Dada, mbona mimi kichwa hakiniumi?" Presha kwa kawaida haiumi. Inajulikana kwa kupimwa tu, na ipimwe vizuri: ukae kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Ukiingia mbio umetoka kugombana na konda, umepima ugomvi. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, nenda ukaonane na daktari.

Ukipewa dawa, tulia nayo. Wengi wakipima na kukuta iko sawa wanajitangaza wamepona, wanaacha. Iko sawa kwa sababu unameza! Amlodipine ikikuvimbisha miguu, rudi useme. Dawa ziko za aina nyingi. Usikope vidonge vya jirani. Na wewe unayetafuta mtoto, mwambie daktari mapema, maana losartan, kwa mfano, haifai kwa mjamzito.

Kuna siku ambazo si za kusubiri kliniki. Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakapanda taya au kushuka mkononi, jasho la baridi likatoka. Na kwa sisi wanawake wakati mwingine ni pumzi kukatika, kichefuchefu na uchovu usioeleweka. Au mdomo ukapinda, mkono mmoja ukalegea, maneno yakavurugika. Hiyo ni hospitali saa hiyohiyo. Habari za nani kamroga mtazijadili hukohuko, mgonjwa akiwa ameshapokelewa.