Binti anayelia kila mwezi bwenini

Maumivu ya tumbo la hedhi, ambayo wengi huyaita chango, huanzia kwenye mfuko wa uzazi wenyewe. Hedhi inapokaribia, ukuta wa ndani wa mfuko huo hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo kazi yake ni kuukaza msuli wa mfuko ili usukume nje damu na utando usiohitajika tena. Kemikali hizo zikizidi, msuli hukaza kupita kiasi na kuibana mishipa inayouletea damu. Msuli uliokosa oksijeni huuma, kama yanavyowaka mapaja ya mtu anayepanda kwa baiskeli kutoka Mto wa Mbu kuelekea Rhotia. Maumivu hukamata chini ya kitovu, huzunguka kiunoni na kushuka mapajani.

Hali hiyo ndiyo iliyomo kwenye barua ya mama mmoja wa Rhotia, wilayani Karatu. Binti yake ana miaka 15, yuko kidato cha pili katika shule ya bweni, na tangu mwaka jana kila akiingia mwezini hulala siku mbili amejikunja, akitapika. Mara tatu amepimwa akaambiwa ana taifodi, akameza dawa, akapata nafuu, na mwezi uliofuata mambo yakawa yale yale. Bibi yake anasema yataisha akizaa. Shangazi anaonya kwamba dawa za maumivu zitamharibia kizazi. Mama anauliza amsikilize nani.

Taifodi kwanza. Prostaglandini haziishii kwenye mfuko wa uzazi. Nyingine huingia kwenye damu na kuuchafua mwili mzima: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kichwa kuuma, kizunguzungu. Msichana mwenye dalili hizo akifika zahanati bila kusema kwamba yuko kwenye siku zake, na wengi huona haya kulisema hilo, hasa mbele ya mhudumu mwanamume, ni rahisi sana atibiwe ugonjwa asiokuwa nao. Lakini taifodi haifuati kalenda. Ugonjwa unaoingia na damu ya kwanza na kuondoka siku ya pili au ya tatu, mwezi baada ya mwezi, ni wa hedhi. Tena kwa kawaida haumpati msichana mara tu anapovunja ungo. Huanza miezi kadhaa baadaye, mayai yanapokuwa yameanza kupevuka kila mwezi, na ndiyo maana binti aliyepita miezi ya mwanzo bila shida anaweza kuanza kulia mwaka unaofuata.

Dawa inayofaa zaidi kwa maumivu haya ni ibuprofeni, na nguvu yake iko kwenye saa ya kuimeza. Haifuti prostaglandini zilizokwisha kumwagika. Inazuia nyingine zisitengenezwe. Binti anayengoja mpaka alie ndipo aende kwa matroni amechelewa, na hata akipewa dawa sahihi ataona haimsaidii. Vidonge viwili vya miligramu 200 vimezwe mara linapoonekana doa la kwanza, au kiuno kinapoanza kuvuta usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha virudiwe kila baada ya saa 8 kwa siku mbili hivi. Kwa siku moja visizidi vidonge sita. Vimezwe baada ya uji au chakula, kamwe si kwa tumbo tupu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na aspirini, au ujauzito asiitumie. Huyo atumie parasetamoli, ingawa kwa chango nguvu yake ni ndogo zaidi. Vidonge vya mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli vinavyouzwa sana madukani visimezwe pamoja na ibuprofeni, kwa sababu diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, na zikikutana huumiza tumbo na figo.

Shida kubwa ya mwanafunzi wa bweni ni kwamba mara nyingi haruhusiwi kuweka dawa kwenye tranka. Ni sheria ya maana, ila humfanya apoteze saa zile za mwanzo zenye thamani. Mama anaweza kumkabidhi matroni dawa kwenye bahasha yenye jina la binti, pamoja na maandishi ya daktari au mfamasia yanayosema apewe mara atakapotaja kwamba hedhi imeanza, hata kama bado hajaumwa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Familia za Endulen, Nainokanoka au Olbalbal, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako duka la dawa si la kukimbilia usiku, zinunue dawa siku ya mnada na kuiweka tayari nyumbani.

Hofu ya shangazi inastahili jibu la wazi, maana imewaacha wasichana wengi kwenye mateso. Ibuprofeni inayomezwa siku mbili au tatu za hedhi haiharibu kizazi. Hutoka mwilini ndani ya siku moja hivi na haiachi kovu kwenye mfuko wala kuziba mirija. Kinachoharibu mirija ni maambukizi ya via vya uzazi yaliyoachwa bila tiba.

Joto nalo ni dawa kamili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba kiraka chenye joto la nyuzi 39 hivi kikivaliwa tumboni hupunguza maumivu sawasawa na ibuprofeni. Badala ya kiraka, chupa ya plastiki ya soda yenye maji moto inatosha, ila hunywea na kuvuja ikimiminiwa maji yaliyochemka, kwa hiyo maji yawe ya moto wa kuvumilika mkononi, chupa ifungwe sawasawa, izungushiwe khanga iliyokunjwa mara mbili na kulazwa chini ya kitovu. Pasipo chupa, soksi iliyojazwa mchele uliopashwa kikaangoni hutosha. Ijaribiwe kwanza kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu ngozi ya tumbo huungua upesi. Katika baridi ya Julai ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, msichana hufarijika maradufu. Mazoezi ya mara tatu kwa wiki hupunguza maumivu ya miezi inayofuata, na chai ya tangawizi huwasaidia baadhi.

Bibi amesema kweli nusu: kwa wanawake wengi maumivu hupungua baada ya kuzaa. Lakini binti wa miaka 15 hawezi kuambiwa asubiri mimba. Ikiwa miezi mitatu ya ibuprofeni iliyomezwa kwa wakati haikuleta nafuu, daktari anaweza kumwandikia vidonge vya majira kama tiba. Huupunguza unene wa ukuta wa mfuko, na prostaglandini hupungua. Akiviacha, uwezo wa kuzaa hurudi.

Yapo maumivu yasiyofaa kutulizwa tu nyumbani: yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayobaki hedhi ikishakwisha, yanayoanza ukubwani, au yanayokuja na homa, uchafu wenye harufu, au damu ya kulowesha pedi kila saa. Msichana anayeumwa kila mwezi bila kuona damu kabisa huenda njia imeziba, kwa kuzaliwa hivyo au kwa kovu la ukeketaji, naye afikishwe hospitali haraka. Nyuma ya dalili hizi huweza kuwa na uvimbe wa kizazi, maambukizi, au endometriosisi, ambayo ni utando wa mfuko wa uzazi kuota mahali pengine mwilini. Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, aliumwa tangu usichana wake kabla endometriosisi iliyofika kifuani haijajulikana, kisha akatumia sauti yake kuwafundisha wengine.

Uchunguzi unaweza kuanzia Hospitali ya Kilutheri au hospitali ya FAME mjini Karatu, au Endulen kwa walio ndani ya hifadhi, na ikibidi rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi. Binti aende na daftari lenye miezi mitatu: tarehe ya doa la kwanza, saa aliyomeza dawa, idadi ya pedi kwa siku, siku alizokosa darasani.